Nani Anatandika Kitanda Mara ya Pili?

Kwenye meli za kitalii kuna kazi moja ndogo ambayo abiria wengi hawajawahi kuiona ikifanywa. Jioni, wakati wewe uko mezani unangoja samaki wako, mhudumu wa chumba anaingia kwako kwa mara ya pili siku hiyo. Anafunga pazia, anaondoa taulo ulilolitumia mara moja tu, anakunja pembe ya shuka, anaacha chokoleti juu ya mto. Ukirudi, unakuta chumba ni kama kimejitengeneza chenyewe. Kabla ya korona hilo lilikuwa jambo la kawaida, hata kwenye meli za watu wa kipato cha kati wanaodunduliza mwaka mzima ili waende Karibiani wiki moja. Kufikia 2023 kampuni kubwa kama Norwegian na Royal Caribbean zilikuwa zimelipunguza: vyumba vya kawaida vinasafishwa mara moja kwa siku, basi. Kwenye meli za anasa limebaki, na sasa linaandikwa kwenye brosha kama sababu ya kulipa zaidi.

Naanza na shuka kwa sababu filamu na makala kuhusu meli hizi huwa zinaanza na bahari. Nimerudia kazi tatu zinazojulikana, moja ya miaka ya tisini na mbili zilizotoka baada ya janga, na nimefuatilia jinsi biashara yenyewe ilivyobadilika. Nionavyo mimi, korona iliwaonyesha abiria kwamba mtu anayewatandikia kitanda ana mwili, anapumua, anaugua. Wenye meli walielewa maana ya jambo hilo haraka kuliko wasanii, na waliligeuza kuwa pesa wakati wasanii wengi bado wanalitafutia mzaha.

Tuanze na mzee wa hadithi hizi. Januari 1996 jarida la Harper's la Marekani lilichapisha makala ndefu ya David Foster Wallace kuhusu usiku saba alizokaa kwenye meli iitwayo Zenith, ambayo yeye aliibatiza Nadir kwa kejeli. Kila mtu anayeandika kuhusu meli za kitalii hadi leo anaandika akiwa chini ya kivuli chake. Gary Shteyngart alipotumwa na The Atlantic mwaka 2024 kwenye safari ya kwanza ya Icon of the Seas, wasomaji wengi walisoma wakipima tu kama amemfikia Wallace. (Hakumfikia, ingawa anachekesha.)

Kitu kizuri zaidi kwenye makala ya Wallace ni ule upelelezi wake wa chumba chake mwenyewe. Anagundua kwamba akitoka kwa muda mfupi, akirudi anakuta kitanda hakijaguswa. Akitoka kwa zaidi ya nusu saa hivi, anakuta kila kitu kimenyooshwa. Anajaribu kuvizia, anatoka na kurudi ghafla kama mwizi, hampati mhudumu hata mara moja. Anajuaje? Anapitia wapi? Mwanzoni inachekesha, baadaye inatisha, maana mtu anayekutunza bila kukuuliza ni mtu anayekuchunguza. Kuna pia mbeba mizigo Mlebanoni ambaye anaingia matatani na wakubwa wake kwa sababu abiria, yaani Wallace, alibeba begi lake mwenyewe. Kwenye meli ya anasa, ukijisaidia unaweza kumtia mwenzako taabani.

Lakini soma tena makala hiyo leo, ukiwa na binamu aliyesomea upishi na hoteli na sasa anatafuta kazi huko, na utaona shimo lake. Mhudumu wa chumba ana jina na Wallace karibu ampende. Hatujui mkataba wake ni wa miezi mingapi. Hatujui analala wapi, na nani, na saa ngapi. Mwandishi mwenye jicho kali kiasi cha kuhesabu dakika za usafi hakushuka ngazi kwenda chini. Pengine hakuruhusiwa. Hata hivyo, hasira yote ya makala ni hasira ya mtu anayedekezwa kupita kiasi.

Sasa nenda Yokohama, 3 Februari 2020. Diamond Princess inafika ikiwa na watu 3,711: abiria 2,666 na wafanyakazi 1,045. Siku mbili baadaye karantini inaanza. Abiria wanaambiwa wakae vyumbani. Wafanyakazi wanaambiwa waendelee na kazi. Hebu fikiria hesabu hiyo kidogo. Abiria elfu mbili na mia sita wamefungiwa, kila mmoja anahitaji kifungua kinywa, chakula cha mchana na cha jioni mlangoni. Nani anapeleka? Anapeleka mtu anayelala chumba kimoja na mwenzake, kitanda juu ya kitanda, anayekula kwenye ukumbi mmoja na mamia ya wenzake. Ripoti iliyochapishwa na taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani ilionyesha kwamba kati ya wafanyakazi 20 wa mwanzo waliothibitishwa kuambukizwa, 15 walikuwa watu wa huduma ya chakula. Virusi vilifuata njia ya sahani. Abiria walianza kuruhusiwa kushuka tarehe 19. Wafanyakazi walibaki kuanza karantini yao wenyewe, na wa mwisho, pamoja na kapteni, walitoka tarehe 1 Machi. Zaidi ya watu 700 waliambukizwa, na zaidi ya kumi walikufa.

The Last Cruise, filamu ya dakika 40 iliyoongozwa na Hannah Olson na kuonyeshwa HBO mwaka 2021, imetengenezwa kwa video ambazo watu waliokuwa ndani walijipiga kwa simu zao. Ni kazi ndogo. Ukiilinganisha na filamu nyingine nitakayoitaja utaona haina bajeti, haina waigizaji, picha zinatikisika. Ila ndiyo kazi bora kati ya hizi tatu, na sababu ni moja: kamera iko mikononi mwa pande zote mbili. Kuna abiria Wamarekani, wazee wenye kununua vyumba vyenye baraza, wanaopiga picha ya jua likizama na kulalamika kwa upole. Na kuna mwosha vyombo kutoka Indonesia anayepiga video jikoni chini, kwenye mvuke na milima ya sahani. Olson hawaweki wakabishane. Anawapanganisha tu, picha hii kisha ile, na mtazamaji anaanza kuona kwamba sahani inayoingia kwa huyu ndiyo inayotoka kwa yule. Huhitaji sauti ya msimulizi kukueleza matabaka ni nini.

Kinachoniumiza kwenye filamu hiyo ni jinsi wafanyakazi wanavyoendelea kuwa na adabu. Hata wakijirekodi wenyewe, hata wakiwa na hofu, sauti ni ile ya kazi. Wanasema asante. Mtu amefundishwa tabasamu hadi halimtoki akiwa peke yake na simu yake. Yeyote aliyewahi kufanya kazi ya mapokezi ya hoteli, hata pale mjini tu, anaijua hiyo sauti.

Kisha ikaja Triangle of Sadness ya Ruben Östlund, iliyoshinda Palme d'Or kule Cannes mwaka 2022, na hapa ndipo wengi wetu tulipokutana na meli ya anasa kwenye skrini. Kama hujaiona, ruka aya mbili, maana nitakumwagia mtama. Matajiri wako kwenye yoti. Mama mmoja wa Kirusi, mke wa bwana mbolea, anashikwa na huruma ya ghafla na kuwaamuru wafanyakazi wote waache kazi wakaogelee, na hakuna anayeweza kukataa kwa sababu kumkatalia mgeni ni mwiko. Chakula kinaharibika jikoni, na matapishi yanayofuata ndiyo yaliyoipa filamu sifa yake. Tukio hilo la kuogelea ni zuri sana. Linaonyesha ukatili wa hisani: amri ya kufurahi bado ni amri. Abiria mwingine analalamika kwamba matanga ni machafu. Yoti haina matanga. Anaitikiwa kwa heshima kwamba yatasafishwa.

Ila ndugu yangu, tazama kinachomtokea Abigail. Ni Mfilipino, msimamizi wa vyoo, ameigizwa na Dolly de Leon kwa ustadi ambao mimi binafsi nauona umezidi filamu yenyewe. Wakati wote tukiwa kwenye yoti, karibu hatumwoni. Meli inazama, wachache wanafika kisiwani, na kwa kuwa yeye peke yake anajua kuvua samaki na kuwasha moto, anakuwa bosi. Kisha Östlund anamfanya nini? Anampa mvulana mrembo wa kulala naye na jiwe la kumponda mtu kichwa. Hiyo ndiyo akili ya filamu: mtumishi ama haonekani, ama ni dikteta anayesubiri zamu yake. Upigaji picha ulikuwa umeanza kabla tu ya janga, ukasimamishwa, ukarudi. Wakati dunia nzima imeona wahudumu wakibeba sinia za watu waliojifungia, filamu hii bado inamwogopa mhudumu. Ni hofu ya mwenye sinia mezani.

Wakati huo wenye meli walikuwa wakipiga hesabu nyingine. Kwenye meli za halaiki, mhudumu alipunguzwa na simu ikajaza nafasi. Menyu ikawa msimbo unaoupiga picha. Zoezi la usalama, lile ambalo zamani mlipangwa kwenye sitaha kama watoto wa shule na maboya shingoni, sasa sehemu kubwa unaitazama kwenye programu ya simu kisha unapita kituoni kwako kuthibitishwa. Mabadiliko mengine ni mema, sina ugomvi nayo; hakuna anayekumbuka lile zoezi kwa mapenzi. Lakini angalia Norwegian: kuanzia Januari 2023 ada ya huduma kwa chumba cha kawaida ilikuwa dola 20 kwa mtu kwa siku, imepanda, kipindi kilekile usafi wa jioni unaondoka. Unalipa zaidi kumshukuru mtu unayemwona kidogo zaidi.

Juu, kwenye anasa yenyewe, walifanya kinyume. Wakaanza kumuuza mhudumu waziwazi, kwa hesabu. Evrima, meli ya kwanza ya Ritz-Carlton, ilianza safari Oktoba 2022 ikiwa na nafasi ya wageni 298 na wafanyakazi 246. Icon of the Seas inabeba wageni 5,610 wakiwa wawili wawili chumbani, wafanyakazi 2,350. Gawanya mwenyewe. Huku kila mfanyakazi ana wageni zaidi kidogo ya mmoja, kule ana zaidi ya wawili. Zamani brosha za anasa zilijisifu kwa marumaru na kaviari. Sasa zinajisifu kwa nafasi tupu na idadi ya watu walio tayari kukuhudumia, maana baada ya miaka ya kukaa mita mbili mbili, nafasi na mkono wa mtu ndivyo vimekuwa adimu.

Hadithi inayonasa jambo hili vizuri kuliko filamu yoyote ni ya Crystal, na ina mguu mmoja Nairobi. Crystal ilikuwa jina kubwa la anasa baharini. Januari 2022 kampuni mama yake, Genting Hong Kong, ikaanguka. Crystal Symphony ilikuwa njiani kurudi Miami na abiria ndani, na huko mahakama ilikuwa imetoa amri ikamatwe kwa deni la mafuta. Meli ikapinda kona, ikaenda Bimini, Bahamas. Matajiri waliozoea kupakiwa na kushushwa kwa mvinyo walimalizia safari kwa feri hadi Fort Lauderdale. Sisi tunaomjua mpiga mnada akija na lori tunaelewa mbinu hiyo vizuri: ukisikia gari lake mtaani, unapitia mlango wa nyuma.

Jina Crystal na meli zake mbili zilinunuliwa mwaka huohuo na kundi la Abercrombie & Kent. Ndiyo, wale wale wa safari za wanyama. Kampuni ilianzishwa hapa Kenya mwaka 1962, kwenye miaka ya mwisho ya ukoloni, na familia ya Kent, ikiuza pori lenye starehe zote za nyumbani. Zilirudi baharini 2023 baada ya ukarabati uliounganisha vyumba na kupunguza idadi ya abiria: Serenity, iliyokuwa ikibeba karibu elfu moja, sasa 740. Na kati ya mambo waliyoyatangaza kwa sauti kubwa zaidi ni kwamba wafanyakazi wengi wa zamani wamerudi. Wateja walifurahi mno kusikia hilo. Meli inafilisika, inafichwa kwa wadai, inauzwa, inakatwa kuta, na kitu ambacho mteja anataka kuhakikishiwa ni kwamba yule kijana anayejua anavyopenda kahawa yake bado yupo.

Hapo ndipo matarajio yamebadilika kweli. Ukipitia maoni ya abiria wa meli hizi tangu safari zirudi, lalamiko linalojirudia ni kwamba huduma imeshuka: mhudumu hakukumbuka jina langu, mvinyo ulichelewa, wageni wapya kazini hawajui mambo. Huenda ni kweli. Mwaka 2020 wafanyakazi maelfu kwa maelfu walikwama baharini kwa miezi, meli tupu, bandari zimefungwa. Wengine walirudi nyumbani wakaapa kutorudi, wakafungua duka, wakaendesha teksi. Uzoefu wa miaka kumi ukatoka nao. Ila maoni hayo huandikwa kana kwamba huduma ni kama hali ya hewa, imeshuka yenyewe. Abiria ambaye 2020 alipiga makofi kwenye baraza lake kwa wahudumu mashujaa, 2023 anawapa nyota tatu.

Kwetu je? Januari 2024 Norwegian Dawn ilitia nanga Mombasa ikiwa na abiria zaidi ya elfu mbili, na picha za kawaida zikapigwa: ngoma, leso, mabasi ya kwenda Tsavo na Fort Jesus. Mwezi uliofuata meli hiyohiyo ilizuiwa kuingia Port Louis, Mauritius, kwa sababu ya watu wachache waliokuwa na tumbo la kuendesha na hofu ya kipindupindu. Vipimo vikaonyesha hakuna kipindupindu. Miaka minne baada ya Yokohama, bandari bado inashtuka. Habari zetu zilihesabu abiria na dola watakazotumia mjini. Wafanyakazi wapatao elfu moja waliokuwa ndani hawakuhesabiwa na mtu, ingawa hao ndio walio karibu zaidi na msomaji wa Mombasa. Serikali imekuwa ikiwapigia debe vijana wetu wapate kazi kwenye meli za MSC tangu kabla ya janga, na MSC ndiyo wenye Explora, jina jipya la anasa lililoingia majini 2023. Tunauza pande mbili: machweo kwa anayeshuka, na mikono kwa anayebaki.

Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unaruhusu kipimo cha mapumziko kisichopungua saa 77 kwa wiki. Wiki ina saa 168. Ukitoa, zinabaki 91 ambazo mtu anaweza kuwa kazini na sheria isivunjwe. Nataja namba hiyo kwa sababu haimo katika kazi yoyote kati ya hizi tatu. Hata The Last Cruise, ninayoipenda, inawaonyesha wahudumu kwenye dharura tu, na dharura huficha jinsi siku ya kawaida ilivyo ndefu.

Siku ya kawaida nimeiona mahali pengine. Tangu safari zirudi, wafanyakazi wa meli wamejaza TikTok: Wafilipino, Wahindi, Waafrika Kusini, na sasa Wakenya. Wanaonyesha chumba chini ya usawa wa maji kisicho na dirisha, vitanda viwili kimoja juu ya kingine na pazia dogo ndilo ukuta. Wanaonyesha ubwabwa wa ukumbi wao, kona ya sitaha wanayoruhusiwa kukaa, saa ya kuamka. Hawataji jina la kampuni. Wengi wanachekesha. Video ninazozipenda ni zile ambazo hakuna kinachotokea: mtu anavua viatu, anakaa kitandani, anangoja intaneti ishike ili ampigie mamake. Wahakiki wanaolalamika kwamba meli bado haijapata msanii wake wangeanzia hapo. Hakuna dhihaka ya Östlund ndani yake wala ile huzuni ya kudekezwa. Ni mtu aliyetandika vitanda vya wengine kutwa na sasa amefika kwenye chake.

Sehemu ya maoni chini ya video hizo, ukipata za Wakenya, karibu kila mara ni swali moja, kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa namna zote: agenti wako ni nani, na alikuitisha ngapi? Mwenye video mara nyingi hajibu, au anajibu faraghani. Mkataba uleule unasema wakala haruhusiwi kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti pamoja na vitu vya namna hiyo. Watu wanauza mashamba bila kuambiwa hivyo.